Babu aliposema "mji wa Kale": ukuta wa Kengtung na watawala wake

"Babu yetu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Tanganyika. Alipigana Burma, akarudi nyumbani 1946, na alifariki nikiwa darasa la tano. Jambo alilolirudia mara nyingi ni kwamba waliingia 'mji wa kale' baada ya kutembea kwenye tope miezi na miezi, na kwamba mji huo zamani ulikuwa na sultani wake, ila Waingereza walishamwondoa. Mwaka huu nimetafuta mtandaoni mji wa kale wa Burma wenye watawala wake, nikaangukia Kengtung: ukuta wa matofali, malango 12, na masultani walioitwa sawbwa. Nimewatangazia ndugu zangu wote kwamba ndio mji wa babu. Je, niko sahihi? Na hao masawbwa walikuwa makabaila wa kunyonya watu, kama tulivyofundishwa shuleni habari za umwinyi, au ni kitu kingine? Mwisho, mdogo wangu yuko Dubai kikazi na anataka apitie Thailand akauone mji wenyewe. Ni salama?"

Ndugu yangu, nianze na la babu, maana naona ndilo lililokutuma. Kengtung sio mji wake. Najua umeshawatangazia ndugu, lakini usione haya. Kosa limetokana na neno moja tu, na neno hilohilo ndilo litakalotufikisha kwenye mji aliouingia.

Tazama ramani. Kengtung uko mashariki kabisa, kati ya mto Salween na Mekong, jirani na Thailand, Laos na China. Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Thailand, lililokuwa upande wa Wajapani, liliingia Kengtung 1942 na likaukalia hadi vita vilipokwisha 1945. Askari wa Afrika Mashariki hawakufika huko. Wao waliingia Burma kwa upande wa pili, magharibi, wakitokea India. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka kutoka Tamu, mpakani na Manipur, Agosti 1944, ikafuata bonde la Kabaw mvua zikiwa zimepamba moto, mvua zinazoletwa na upepo uleule wa kusi tunaoujua pwani kwetu. Barabara ziligeuka mito. Chakula na risasi vilidondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege, na malaria iliwaangusha watu kila siku. Tope alilowasimulia babu yenu ndilo hilo.

Katikati ya Novemba 1944 askari hao walikutana na wenzao wa Divisheni ya 5 ya India kwenye mji mdogo unaoitwa Kalemyo. Tarehe 2 Desemba wakautwaa Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, na siku chache baadaye mafundi wa jeshi wakatandaza juu ya mto huo daraja la vipande vya chuma lenye urefu wa mita 350 hivi, mojawapo ya madaraja marefu kabisa ya aina yake wakati ule.

Sasa yasikilize upya maneno ya babu yako. Kwa Kiburma, *myo* ni mji. Kalemyo, neno kwa neno, ni mji wa Kale. Waburma hutamka kitu kilicho karibu na "Kalei", lakini kwenye ramani za jeshi jina liliandikwa Kale, na askari wa Tanganyika akizisoma herufi hizo atazitamka kama sisi tunavyozitamka. Nyinyi wajukuu mlisikia kale ya zamani za kale. Naamini mzee alikuwa akiwatajia jina la mji, tena kwa usahihi kabisa, miaka yote hiyo.

Na lile la sultani aliyeondolewa linaingia vilevile. Kale ilikuwa na watawala wake tangu enzi za mbali. Mmoja wao, ambaye historia inamtaja kwa jina la mji wake, Kalekyetaungnyo, alikalia kiti cha Ava, ufalme wa Waburma, mwaka 1425, ingawa hakumaliza hata mwaka akapinduliwa. Baadaye Kale ikawa moja ya dola ndogondogo za Washan, mojawapo ya makabila ya Burma, zilizotawaliwa na sawbwa. Waingereza walipoimeza Burma ya Juu kuanzia 1886, haikupita miaka mingi wakamwondoa sawbwa wa Kale na nchi yake wakaiunganisha na wilaya yao ya Upper Chindwin. Askari walioingia 1944 wangeweza kabisa kuambiwa na wenyeji: hapa palikuwa na mtawala, Waingereza walimtoa. Cheti cha jeshi cha babu yako sijakiona, kwa hiyo hili bado si ushahidi kamili. Lakini tope, jina la mji na sultani aliyeondolewa vyote vimekubaliana mahali pamoja, na Kengtung haikubaliani na hata kimoja.

Hata hivyo Kengtung usiitupe, kwa sababu swali lako la ukabaila ni zito na mji huo unalijibu vizuri kuliko Kale.

Kwanza, tusiuite mji wa Waburma. Uko ndani ya mipaka ya nchi inayoitwa Burma, au Myanmar tangu 1989, lakini watu wa bonde lile ni Wakhün, tawi la Watai, ndugu wa Washan na wa watu wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Sawbwa ni matamshi ya Kiburma tu. Wenyewe husema *saopha*: *sao* ni bwana, *pha* ni mbingu. Tarikhi za mji zinasimulia kwamba bonde zima lilikuwa ziwa, mpaka mtawa mmoja alipochora mfereji kwa fimbo yake na maji yakatoka kuelekea kaskazini. Mto Khün hadi leo unatiririka kwenda kaskazini, na ziwa dogo la Naung Tung lililobaki katikati ya mji watu huliita mabaki ya lile ziwa kubwa. Baada ya mtawa anakuja Mangrai, mfalme wa karne ya 13 aliyeanzisha Chiang Mai mwaka 1296. Watawala wa Kengtung walijihesabu kuwa wa ukoo wake.

Ukuta ulikuwa wa matofali, na nje yake handaki. Waliouandika mwanzoni mwa karne ya 20 waliupima maili 5 kwa mzunguko, yaani kilomita 8 hivi. Lakini kuna jambo waliloliandika ambalo wasomaji wengi hulipita: ndani ya ukuta, sehemu ya katikati na ya kaskazini ndizo tu zilizojengwa vya kutosha. Kwingineko ndani ya boma hapakuwa na nyumba za kuhesabika. Nikifundisha habari za mji huu, hapo ndipo ninaposimama muda mrefu kuliko pengine popote, nikawauliza wanafunzi: mtawala ana wazimu gani wa kujenga kilomita 8 za ukuta kuzungushia ardhi isiyo na nyumba?

Jibu ni kwamba ukuta ule haukupimwa kwa nyumba zilizokuwamo. Ulipimwa kwa watu ambao ungewameza siku ya shari. Adui akionekana, watu wa vijiji vya bondeni waliingia na ng'ombe wao, na mpunga wao, na watoto wao, malango yakafungwa. Mwaka 1765 majeshi ya China yaliuzingira mji huu, yakashindwa, na ugomvi ule ukazaa vita vya miaka minne kati ya China na Burma. Kati ya 1849 na 1855 wafalme wa Bangkok, Rama wa Tatu na kisha Rama wa Nne, walituma majeshi kuutwaa. Milima, njaa na ukuta viliwarudisha.

Na adui mwenyewe alikuwa akitafuta nini? Hapa ndipo penye kiini. Katika nchi zile, karne hizo, ardhi ilikuwa tele na watu walikuwa wachache. Shamba lisilo na wa kulilima halina thamani. Mfalme alipohesabu nguvu zake alihesabu vichwa, na aliposhinda vita alichokibeba ni watu. Watai wa kaskazini wana msemo kuhusu zama hizo: weka mboga kapuni, weka watu mjini. Mwishoni mwa karne ya 18 Chiang Mai ilikuwa imebaki gofu baada ya vita virefu na Waburma. Mtawala wake, Kawila, aliijaza upya kwa kuteka miji mingine, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikawa zamu ya Kengtung. Mtawala wa Kengtung na watu wake wengi walichukuliwa wakapelekwa kusini. Mdogo wake, Maha Khanan, alikataa kwenda, akajificha milimani na wachache waliobaki, na miaka kadhaa baadaye akarudi kuufufua mji. Masawbwa wa mwisho wote ni kizazi chake.

Mezani kwangu kuna kikasha nilichonunua Chiang Mai, cheusi chenye maua mekundu, chepesi kama ganda la yai. Ukikikuna chini unaona kimesukwa kwa nyuzi nyembamba za mwanzi. Juu ya mwanzi fundi hupaka utomvu mweusi wa mti, akauacha ukauke mahali penye kivuli na unyevu, akasugua, akapaka tena, tabaka juu ya tabaka, wiki kwa wiki. Thailand nzima huviita vyombo hivi *khruang khoen*, vyombo vya Wakhün. Mafundi waliochukuliwa Kengtung zaidi ya miaka 200 iliyopita walipewa mtaa wao Chiang Mai, na jina la kabila lao likawa jina la kazi ya mikono yao.

Basi turudi kwenye neno lako, kabaila. Ukilitumia, utawaza mtu mwenye hati za mashamba, na wakulima wanaolima ardhi yake kwa sababu hawana yao. Saopha hakuwa hivyo. Kila mtu aliandikwa chini ya mkuu wa kijiji, na mkuu wa kijiji chini ya mkubwa wake, hadi juu. Mtu alidaiwa siku za kazi, sehemu ya mpunga, na mwili wake vita vikija. Alichomiliki bwana ni haki juu ya watu. Na watu wana miguu. Bwana akizidisha, familia zilihama usiku zikavuka kilima kwenda bonde la bwana mwingine, ambaye alizipokea kwa mikono miwili. Hilo liliwatia masaopha adabu kidogo, zaidi ya sheria yoyote.

Kidogo, nasema. Nisije nikakupaka picha ya mabwana wema. Mateka wa vita walifanywa watumwa. Kazi za lazima zilikuwapo, na baadaye mapato makubwa yalitokana na ushuru wa kasumba, yaani afyuni, na wa kamari. Na walioumia zaidi si Wakhün wa bondeni, ni watu wa milimani: Waakha, Walahu, Wawa. Tarikhi zenyewe zinakiri kwamba Wawa walilikalia bonde lile kabla ya Mangrai. Kwa hiyo saopha mpya aliposimikwa kulikuwa na tendo hili: watu wa milimani waliletwa ikulu, wakakalishwa kwenye chakula, na kabla hawajashiba wakafukuzwa nje mbele ya wote. Watu waliokuwa wenye nchi walilishwa, kisha wakaonyeshwa mlango, na kila utawala mpya ulianza kwa kulirudia hilo. Ukiniuliza kama kulikuwa na unyonyaji, kwangu tendo hilo linatosha kuwa jibu.

Nao masawbwa walikuwa na bwana wao. Wafalme wa Burma waliwaachia nchi zao kwa masharti: kila mwaka zawadi za utiifu, vijana wa ukoo wakae kwenye baraza la mfalme, na askari watolewe wakitakiwa. Chini ya sawbwa kwa cheo alikuwapo *myosa*, na tafsiri yake ni "mla mji". Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Kiapo nacho walikinywa: maneno yaliandikwa, karatasi ikachomwa, majivu yakatiwa kwenye maji yaliyochovywa silaha, na mtu akayanywa. Akisaliti, silaha hizohizo zimgeukie.

Waingereza walifika Kengtung 1890, msafara mdogo ukiongozwa na ofisa wao George Scott, na wakafanya kama walivyofanya kwingi: wakamwacha mtawala kitini, wakampa hati, wakatoza kodi. Dola yenyewe ilikuwa kubwa kuliko zote za Washan, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Sao Kawn Kiao Intaleng, aliyetawala kuanzia miaka ya 1890 hadi 1935, alikwenda Delhi 1903 kwenye sherehe za kifalme za Waingereza, na aliporudi akajenga ikulu yenye kuba kwa mtindo wa Kihindi. Mwanawe aliyemrithi aliuawa 1937. Mrithi aliyefuata, Sao Sai Long, alikuwa mtoto bado. Alisomeshwa Australia na akarudi 1947.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Februari, masawbwa walitia saini mkataba wa Panglong kukubali kuingia katika Burma huru, na katiba ikawapa Washan haki ya kujitenga baada ya miaka 10. Sawbwa wa Yawnghwe, dola nyingine ya Washan, Sao Shwe Thaik, akawa rais wa kwanza wa Burma huru. Umetaja umwinyi, basi pengine unakumbuka kwamba Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kwa sheria 1963. Masawbwa wao walisaini wenyewe kuacha mamlaka ya urithi mwaka 1959, wakalipwa fidia. Haikuwasaidia. Jenerali Ne Win alipopindua serikali Machi 1962, wengi walikamatwa. Sao Shwe Thaik alifia gerezani mwaka huohuo, mwanawe kijana akiwa ameuawa usiku wa mapinduzi, na sawbwa wa Hsipaw, Sao Kya Seng, alishikwa na wanajeshi na hakuonekana tena.

Ikulu ya Intaleng ilibomolewa na serikali ya kijeshi 1991, wenyeji wakipinga, na mahali pake pakajengwa hoteli. Nasema hili kwa uchungu. Ukabaila ulikuwa umeshaisha miaka 32 kabla, na jengo lile halikuwa likimtawala mtu. Ni kumbukumbu za Washan zilizokuwa zikibomolewa pale. Ukuta nao umebaki vipande, pamoja na lango liitwalo Pa Leng.

Kuhusu safari ya mdogo wako, jibu langu ni asiende, si sasa. Tangu mapinduzi ya Februari 2021 nchi ile iko vitani. Kalemyo yenyewe, ambao ningetamani sana auone kwa niaba ya babu, uko kwenye eneo lililopigwa vibaya kuliko mengi. Na kuna hatari nyingine ambayo kijana aliyeko Dubai lazima aijue. Kwenye mpaka wa Thailand na Burma kuna maboma ya utapeli wa mtandaoni ambamo vijana wa Kenya, Uganda, Ethiopia na nchi nyingine za Afrika wamenaswa baada ya kuahidiwa kazi nzuri Thailand. Yeyote atakayejitolea kumpokea Bangkok na kumsafirisha kwa gari hadi mpakani, amkimbie. Ikitokea ameshaahidiwa kitu cha namna hiyo, msiandikiane na mimi. Aende ubalozini ana kwa ana kabla ya kupanda ndege, akiwa na karatasi zote alizotumiwa.

Akitaka kuonja dunia ile kwa usalama, Chiang Mai inatosha. Handaki lake la mraba bado lina maji, pembe za ukuta wa matofali zimesimama, na karibu na hekalu la Wat Nantaram ataufikia mtaa ambao Wakhün waliotekwa waliwekwa. Watai wa kaskazini watamwelewa akitaja Kengtung, ila aseme Chiang Tung.

Kwako wewe, kazi iko nyumbani. Nyota ya Burma, kama babu aliachiwa nishani hiyo, haitakusaidia, kwa sababu hazikuandikwa majina. Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi. Wazee wengi walikitunza kwenye sanduku la bati pamoja na kadi za kliniki na risiti za kodi, kwa hiyo waulize shangazi zako kabla hamjagawana au kuchoma makaratasi. Kikiwa kimechanika, kipeleke kwa mtunza nyaraka umwonyeshe kwa mkono. Usikibandike gundi wala plastiki. Angalia namba ya kikosi kwanza. Ikiwa ni 26 au 36, alikuwa na Divisheni ya 11, na kumbukumbu za kila siku za kikosi chake zimo kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, ambako mtu anaweza kuomba nakala na kuusoma mwezi wa Novemba 1944 siku baada ya siku. Ikiwa ni 46, alikuwa na Brigedi ya 28, na yeye aliendelea kusini kwa njia ya Gangaw hadi Seikpyu, kwenye mto Irrawaddy, Februari 1945. Lakini hata hao wa 46 walipita bonde la Kale.